Karibuni

Pale palipokuwa na duka la misumari,
mkabala na cherehani yangu, hapa South B,
wamepaka ukuta rangi ya buluu,
buluu ya jalada la daftari la muhula wa kwanza,
na juu ya mlango wakafunga bango la kitambaa:
MKAHAWA WA KIGIRIKI. TUNAFUNGUA KARIBUNI.

Hiyo ilikuwa Machi.

Sasa ni Juni, baridi imeingia hadi kwenye uzi,
na mtaa mzima tumegeuka wajuzi wa chakula tusichokijua.
Muthengi wa bucha anasema Wagiriki hula pweza
aliyeanikwa kwenye kamba kama soksi.
Binti ya Nyanchama anasema ni kachumbari tu,
na jibini juu yake, pande zima,
mfano wa mche wa sabuni.
Lokwang, bawabu, amesikia kwamba wakifurahi huvunja sahani.
Akafikiri kidogo.
"Na wakikasirika je?"

Mwenyewe anaitwa Despina.
Alikuja kwangu na majora mawili ya mirabaraba;
nikamsalimu kwa Kiingereza ninachowawekea wateja.
Akanijibu, "Hujambo, fundi. Nina kazi, ila haina haraka,"
kwa Kiswahili kilichopigwa pasi,
cha Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge,
alikozaliwa, baba akipima katani,
mama akikanda mkate kwa unga wowote uliopatikana.
Niliona haya.
Nikaanza kuokota ngeli zangu
zilizotapakaa sakafuni pamoja na vipande vya nguo.

Vitambaa vya meza ishirini na vinne.
Nimevipiga pindo mara mbili,
nimevikunja, viko rafuni, vinanuka mafuta ya cherehani,
havijaonja hata tone la mchuzi.
Kila asubuhi navihesabu kama kuku.

Kwanza ilikuwa bomba la gesi.
Kisha watu wa kaunti na karatasi yao inayozaa karatasi.
Kisha jiko likakwama Mombasa wiki sita,
likaja, likakosa mguu.
Despina huketi mlangoni juu ya kreti ya soda,
hunywa kahawa nyeusi yenye tope chini,
na kikombe kimoja hunivushia barabara kwa mkono wa Lokwang.
Kikombe cha jirani hakirudi kitupu:
jana nilikirudisha na njugu, juzi na ndizi mbili zimelala juu yake.

Niseme kweli?
Mimi Kemunto, mwaka wa thelathini huu,
nashona sketi za watu wanaokwenda kula mahali.
Nalegeza viuno, nakaza viuno,
najua nani alishiba vizuri Desemba.
Sijawahi kuketi
mahali ambapo kitambaa cha meza kilikuwa kikinisubiri.

Usiku wa kuamkia leo upepo ulipita.
Ulirarua bango, ukabeba Ugiriki, ukabeba kufungua,
ukaacha neno moja linaning'inia kwa msumari:
KARIBUNI.

Mwalimu Shitanda, mstaafu, ndiye aliyelisoma kwanza.
Alivaa koti. Akabisha hodi.
Muthengi akamwambia, "Mwalimu, hiyo ni karibuni ya siku, si ya watu."
Mwalimu akamtazama vile alivyowatazama wa Darasa la Sita.
"Limeandikwa mlangoni," akasema. "Mlangoni lina maana moja."
Nyuma yake akasimama Nyanchama na bintiye,
kisha kijana wa maji na mkokoteni wake,
kisha watu wawili ambao, naapa, hawakujua wanapangia foleni nini.

Despina akafungua.
Akasoma ukuta wake mwenyewe, akasimama kimya.
Jiko bado lina miguu mitatu.
Ana mkate mmoja, mtungi wa zeituni,
na bakuli la maziwa mgando aliyokatia tango.

"Fundi!" akaita kutoka ng'ambo. "Niletee kitambaa. Kimoja tu."

Vyote ishirini na vinne vinanitazama.
Nachomoa cha chini kabisa, chenye pindo lililopinda,
nilichokuwa nimekificha asikione,
nakikung'uta,
nasimama ukingoni mwa barabara, nangoja lori lipite.